Uji wa Muhogo wa Mwalimu Wafula

Enzi zetu, sisi tuliokulia nje kidogo ya Bungoma miaka ya hamsini, gazeti halikutupwa. Lilifika kwa gari moshi mara moja kwa wiki, likasomwa kwa sauti Jumapili baada ya ibada huku sisi watoto tukitafuna mahindi ya kuchoma, kisha likapita nyumba hadi nyumba mpaka likalegea kama kitambaa. Mwisho akina mama walikoroga uji mzito wa muhogo, wakalibandika ukutani kuzuia vumbi. Mimi nilijifunza kusoma kwenye ukuta wa jikoni, shingo nimeipinda, maana mama hakujua kusoma na kurasa nyingine alizibandika kichwa chini.

Mwandishi wa gazeti hilo upande wetu alikuwa Mwalimu Wafula, mtu wa baiskeli na kalamu mbili mfukoni. Alipoandika kwamba watoto wa Chwele, jirani zetu, wanafagia kanisa bila kuambiwa, Jumamosi iliyofuata sisi tulipigania fagio hadi likakatika. Baba alikuwa na neno lake: "Gazeti halidanganyi."

Ndipo likaandika habari ya dada yangu, Nasimiyu. Dada alikuwa amekwenda Kitale kumuuguza shangazi yetu, huku akingoja kuingia shule ya bweni ya wasichana. Mwalimu Wafula alisikia porojo za sokoni, akaandika, na jina akalitaja, kwamba binti huyo ametoroka kwao kufuata dansi za mjini. Shule ikaleta barua kwamba nafasi yake imesimamishwa. Wenzangu wakaninyima zamu ya kuruka kamba. Nami, niseme ukweli, niliamini gazeti kuliko dada yangu. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Shangazi alipopata nafuu, yeye mwenyewe alimrudisha dada, na kabla hata ya kunywa maji akaenda kwa Mwalimu Wafula.

"Ati ametoroka? Si alikuwa ananinywesha uji mimi! Wewe uliniuliza?"

Mwalimu aliinamisha kichwa. Baada ya wiki mbili gazeti likatoa masahihisho. Lakini ule uongo ulikuwa bado kwenye kuta za watu, na watoto walikuwa wanajifunzia kusoma hapo. Basi Mwalimu alinunua nakala kadhaa, akakata kile kipande, akazunguka kijiji kizima na sufuria ya uji wa muhogo. Kila nyumba yenye habari ile ukutani alibandika masahihisho juu yake, akayasoma kwa sauti mbele ya watoto. Kwetu alikuja mwisho.

"Nasimiyu, nilikukosea," alisema. "Sikuuliza."

Mtu mzima, tena mwalimu, mbele yetu sisi wenye kamasi! Kesho yake aliendesha baiskeli hadi shuleni na gazeti mkononi, na muhula ulipofunguliwa dada akaingia darasani. Tangu siku hiyo sisi watoto tulipoleteana umbea, ilikuwa lazima mmoja aulize, "Umemuuliza mwenyewe?"

Vijana wetu wa leo, hata chai ikipoa wanaitangaza. Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu picha ya binti wa Kitale anayetukanwa. Nikamuuliza lile swali letu.

"Si imetumwa tu, kukhu," akajibu, akiniita bibi kwa lugha ya kwetu, na kidole kikaendelea kusogeza picha.

Waandishi siku hizi ni wengi, na wapo ninaowaheshimu. Natamani tu siku mmoja akikosea, nimsikie akibisha hodi mlangoni kwangu, na sufuria ya uji mkononi.