Mwanafunzi Niliyemgongea Glasi

Kosa langu la kwanza nilipoanza kufundisha Kiingereza lilikuwa kijiko. Nimelikumbuka wiki hii, baada ya simu kunifahamisha kwamba mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote kwa umri, muuza asali wa hapa mjini Tabora ambaye darasani tulimwita Mzee wa Asali, amefariki kwao Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi. Alikwenda msituni kuangalia mizinga yake, akarudi akilalamika kifua, akajilaza mchana na hakuamka tena. Aliyenipigia ni mkewe. Nilimpa pole, akaipokea. Halafu akaniuliza, "Mwalimu, ile habari yake alishaweza kuisema yote?" Nilimwambia nakuja msibani.

Nianze na kijiko. Mnaonisoma hapa mnajua kwamba sikusomea ualimu. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe, kwa redio, kwa vitabu vilivyokwisha pukutika majalada, na kwa woga. Aliyejifundisha mwenyewe huishi akingoja siku ya kugundulika. Hata safu hii huisoma kwa sauti mpaka majirani wanaijua, ndipo naituma kwa mhariri. Kwa hiyo nilipofungua darasa la jioni pale Cheyo, mtaa wa mjini hapa, katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa, niliweka sheria ambayo nilitamani mtu angeniwekea mimi. Wanafunzi wangu walikuwa wa daraja la kati: salamu wamezimaliza, leo yao wanaimudu, lakini wakiulizwa jana ilikuwaje ulimi unafungika. Zoezi letu kubwa tuliliita Jana. Mtu anasimama, anasimulia kwa Kiingereza jambo lililompata: lililotokea, lililokuwa likiendelea wakati huo, na lililokuwa limeshatangulia kabla ya hilo. Mimi nakaa mbele yake na glasi tupu. Akikosea kitenzi, naigonga kwa kijiko, naye anarudi mwanzo. Si mwanzo wa sentensi, mwanzo wa habari yote. Niliamini kwamba kosa ukiliacha lipite mara moja, litajenga nyumba mdomoni mwa mtu na kuzaa jingine.

Mzee wa Asali alikuja darasani kwa sababu moja, na aliitaja siku ya kwanza. Walipokimbia Burundi alikuwa mtoto, na safarini alikuwa amembeba mdogo wake wa kike mgongoni. Mahali fulani msituni wakapotezana. Watu wengine walimwokota yule mtoto, akakulia kambi nyingine, akapelekwa nchi ya mbali, akaolewa huko na huko akafa. Aliacha binti mmoja, asiyejua Kirundi wala Kiswahili, ambaye kwa kuulizauliza ndugu wa huku na kule alifanikiwa kuipata namba ya mjomba wake. Swali lake lilikuwa moja. Mama yake, maisha yake yote, kila alipoulizwa habari za utoto wake alisema neno lilelile tu: kaka aliniacha. Kwa nini alimwacha?

"Tafuta mkalimani, mzee wangu," nilimwambia. "Utamjibu leo hii."

"Hapana, mwalimu. Mkalimani ataifanya iwe nzuri. Nataka anisikie mimi."

Basi akawa anasimama kila jioni ya darasa, kofia mkononi, nami namwamkia, "Shikamoo, mzee," naye anaitikia, "Marahaba, mwalimu," kisha anaanza kwa Kiingereza: Tuliondoka asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Mama alikuwa akitembea nyuma yetu. Nilimbeba mdogo wangu mgongoni. Nagonga. Tuliondoka asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nagonga tena. Siku moja aliniangalia akacheka, "Unaniamkia vizuri, halafu unanigongea kama mlango wa mdaiwa." Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka, kisha nikagonga kwa sababu alikuwa amesema kwa Kiswahili.

Alijifunza upesi kuliko nilivyotarajia. Makosa ya njiani yakaisha moja baada ya jingine, isipokuwa lile la mahali pamoja. Walifika njia panda. Pale alitakiwa kusema kwamba alimshusha yule mtoto chini, na pale kila mara kitenzi kilimharibikia. Mara akisema kana kwamba anamshusha sasa hivi, mara kana kwamba atamshusha kesho. Nagonga, anarudi, anaondoka tena asubuhi. Kijana wa bodaboda kutoka Nzega, aliyekuwa anajifunza ili abebe wageni, alimtania, "Mzee, leo mfikishe huyo mtoto basi, mgongo unatuuma na sisi." Mzee akasema, "Hata mimi." Hakucheka. Kufikia hapo sote tulikuwa tumeikariri ile safari. Nilikuwa nikifagia chumba nasikia midomo yangu inaondoka asubuhi.

Jioni moja, ili kumpumzisha, nilimwomba asimulie jambo jingine. Akasimulia juu ya mizinga. Alieleza jinsi wiki iliyopita alivyokwenda msituni, alivyougonga mzinga kwa vidole na kutega sikio kabla ya kuufungua, maana mzinga wenye nyuki hujibu kwa kuvuma, na mtupu hulia kama gogo tu. Alisimulia toka mwanzo hadi mwisho, vitenzi vyote vya wakati uliopita vikiwa mahali pake. Sikugonga hata mara moja. Nilimpigia makofi, nikarudi nyumbani nikijisifu kwamba njia yangu inafanya kazi. Sikujiuliza kwa nini mtu anayeweza kuusimulia msitu mzima bila kosa anashindwa kumshusha mtoto mmoja.

Jambo linalofuata nimelifuta na kuliandika upya mara kadhaa kwa kuogopa mtaniona mshirikina. Nalieleza kama lilivyotokea. Mama mwenye duka, mtu mzima wa ukoo wa Waarabu wa mjini hapa, aliyekuwa mwanafunzi wangu pia, aliazima kijiko changu akoroge chai yake. Mzee wa Asali alikuwa amesimama, amefika njia panda. Glasi ilikuwa mezani na mikono yangu ilikuwa mapajani. Alipofungua mdomo kusema lile neno, glasi ikalia. Mlio ulikuwa uleule, mwembamba, na mzee kwa mazoea akarudi mwanzo akaanza kuondoka asubuhi. Ni sisi tuliogeuka.

"Mwalimu," kijana wa bodaboda akaniita polepole, "nani amegonga?"

Mama mwenye duka alikitazama kijiko kilichokuwa ndani ya kikombe chake. "Bismillahi," akasema, akakitoa akakisukumiza kwangu kwa ncha ya kidole. "Shika mali yako, mwanangu. Mimi chai nitainywa bila sukari."

Mzee alikuwa ameacha kuongea. Alitutazama kama mtu anayeshangaa kwamba wageni hawamjui jirani yake. "Ah, huyo," alisema. "Huyo hugonga kabla ya mwalimu. Nimemzoea." Akaendelea na safari yake. Sikumuuliza huyo ni nani. Niliisogeza glasi katikati ya meza, nikaichunguza kama ina ufa, haikuwa nao. Nikajiambia kwamba ni lori lililopita barabarani limetikisa meza. Sikukumbuka kusikia lori.

Mara ya mwisho aliposimama, hakuna kilicholia. Alifika njia panda, akavuta pumzi, akasema alimshusha, na kitenzi kilikuwa sahihi. Akasema: alikishika kidole changu. Akasema: nilivifungua vidole vyake kimoja kimoja. Kisha akaianza sentensi inayofuata, na neno la kwanza tu la sentensi hiyo lilikuwa na kosa, dogo, ambalo mtoto wa shule angesamehewa. Nikagonga. Naapa sikuamua kugonga, mkono ulikwenda wenyewe, kama mtu anavyofukuza nzi. Mama mwenye duka aliguna, "Ewe!" Mzee alinitazama kidogo, akavaa kofia yake. "Inatosha, mwalimu. Leo nimefika mbali. Nikirudi kutoka kwenye mizinga nitaimalizia." Hakurudi darasani.

Tulikwenda msibani kwa pikipiki ya yule kijana. Njia ya kwenda Ulyankulu ni ya vumbi jekundu na misitu pande mbili, na nikiwa nimekaa nyuma nilikuwa na muda mwingi wa kufikiri. Mji wetu huu ulikuzwa na watu waliokuwa wakipita. Misafara iliingia kutoka pwani na kutoka ziwani, wapagazi wakatua mizigo, wakapumzika, wakabeba tena. Tunajivunia Kiswahili chetu cha Tabora kwamba kimenyooka, lakini kililetwa na vinywa vya watu waliokuwa wakikijifunza njiani, Mnyamwezi akimwelewesha Mmanyema, wote wakikosea. Hakuna aliyewarudisha Bagamoyo kwa kila kosa. Wangerudishwa, kisingefika. Nikawaza pia juu ya wale ambao hawakufika: wagonjwa, waliochoka, watoto. Njia ile ya zamani ina watu wengi walioshushwa, na habari zao ziliishia pale waliposhushwa, kwa sababu aliyezijua hakupata wa kumsikiliza mpaka mwisho. Msitu ulikuwa kimya. Mara mbili nilidhani nimesikia glasi, ikawa ni kioo cha pikipiki kinachogonga chuma chake. Nilimwomba kijana asimamishe akikaze. "Kimekazwa hicho, mwalimu," akanijibu bila kugeuka.

Tulikuta wameshazika. Mjane alitukaribisha, akanionyesha mzinga mmoja wa gogo uliotundikwa kwenye mti nyuma ya nyumba, chini kiasi cha kufikiwa kwa mkono. Alisema mumewe aliuweka hapo kwa majaribio na nyuki hawakuupenda, umekaa mtupu muda wote. Sijui kwa nini niliugonga. Labda kwa sababu kugonga ndicho kitu pekee ninachokijua. Nilitarajia sauti ya gogo. Ulinijibu kwa mvumo mzito ulionipanda mkononi hadi begani, na mjane akarudi nyuma hatua moja. "Wameingia lini hawa?" akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye mwenyeji. Tulisimama hapo mpaka mvumo ukatulia.

Tulikuwa bado hapo simu yake ilipoita. Aliitazama, akanipa. "Ni yule binti wa wifi yangu. Kimombo chake mimi nakisikia kama ndege. Mwambie mjomba ametutoka. Na mwambie ile habari."

Nilimwambia yule binti kwamba mjomba wake amefariki. Alilia, nikangoja. Aliponyamaza nikamwambia kwamba mjomba alikuwa akijifunza Kiingereza ili amjibu swali lake, nikaanza kuisema kama alivyokuwa akiisema yeye, kwa maneno yake. Tuliondoka asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nilipokaribia njia panda nikawa nasubiri kitu kilie. Hakikulia. Nilisema alimshusha. Nilisema mtoto alikishika kidole cha kaka yake, naye kaka alivifungua vidole vya mtoto kimoja kimoja.

"Halafu?" aliuliza.

"Sijui. Alitaka kuendelea, nikamkatiza. Alikuwa amekosea neno moja."

Nilijiandaa kutukanwa, na nilitaka nitukanwe. Badala yake alianza kusema taratibu, kama mtu anayejisemea mwenyewe. Alisema mama yake alilala amekunja ngumi ya mkono wa kulia maisha yake yote. Hata hospitalini, hata alipokwisha kufa, wauguzi walihangaika kuufungua. "Nilidhani ni hasira," alisema. "Miaka yote nilidhani ni ngumi ya hasira. Kumbe alikuwa ameshika kitu." Aliniomba niirudie sentensi ile ya vidole. Nikairudia. Akaniomba tena. Nyuma yangu mzinga ulikuwa ukivuma peke yake, hakuna aliyeugonga.

Kwa nini alimwacha, hatutajua. Huenda alirudi kumtafuta mama yao aliyekuwa nyuma. Huenda alichoka tu, alikuwa mtoto. Jibu lilikuwa katika sentensi iliyofuata, na sentensi hiyo niliigongea mimi. Nilichojifunza ni kidogo na nimekilipia bei ambayo haikuwa yangu: mtu akikusimulia jana yake, usahihi wa maneno yake unaweza kungoja, yeye huenda asingoje. Nilimpigia mjane nikamjibu swali lake, kwamba hapana, hakuisema yote, na sababu ni mimi. Akasema, "Basi angalau umesema."

Darasa linaendelea pale Cheyo, na zoezi la Jana bado lipo. Kijiko nimekirudisha jikoni. Makosa tunayazungumza mtu akishakaa. Siku hizi anayesimama kusimulia hufika mwisho.