Picha Moja Iliyofukuza Wabeba Mpira Wangu Wote

Wakuu, mshawahi kuona timu ya chuo inaamka Jumapili ina wabeba mpira wanne, ikifika Jumatano haina hata mmoja? Mimi yalinikuta, na nilikuwa kocha wao.

Ni huku Mississippi, mpira wa Kimarekani, ule wa kushika mkononi na kuparamiana. Kazi yangu ilikuwa hao wanaopewa mpira wakimbie nao huku mijitu inawaangusha.

Tegemeo langu, Jakorian, nilimfuata mwenyewe kumsajili, jikoni kwa bibi yake. Bibi Ozella alinipa kambale wa kukaanga, akanikazia macho.

"Kocha, mjukuu wangu usije ukamtupa njiani."

"Bibi, huyu anamalizia chuo mikononi mwangu."

Nilimaanisha kabisa.

Januari, dirisha la wachezaji kuhama vyuo likafunguliwa. Kocha mkuu wetu, Hollis, akaniita. Kampata Trezevant, mbeba mpira mkali kutoka chuo kikubwa cha Texas.

"Bosi, wanne tulionao wanaelewana," nikasema. "Ongea nao kwanza."

"Wewe fundisha. Usajili niachie mimi."

Nikafyata. Ningefanya nini?

Trezevant akaja kututembelea. Huku mgeni lazima avalishwe jezi, apigwe picha, ajione tayari ni wa kwetu. Sasa bosi, mtu mzima na akili zake, akamvalisha namba nne.

Ya Jakorian!

Nikamnong'oneza, "Bosi, hiyo ina mwenyewe."

"Ni picha tu bwana, acha uoga."

Sijamaliza hata chakula cha mchana, picha iko mtandaoni. Jakorian akaingia ofisini kwangu, simu mkononi, macho mekundu.

"Kocha, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Wakakusikiliza?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi. Sijui bibi namwambiaje," akasema, akatoka.

Jioni akatangaza anahama. Wenzake wakajiuliza: kama namba moja kavuliwa jezi mchana kweupe, sisi ni nani? Wakaanza kuaga. Nilizunguka bwenini nabembeleza kama mchumba aliyeachwa. Dequan peke yake ndiye alinifungulia, naye alikuwa anafunga mabegi.

"Kocha, tunakupenda. Ila wewe huna meno."

Iliniuma sana, maana ilikuwa kweli.

Bosi wala hakushtuka. "Tunaye Trezevant. Anatosha."

Kesho yake Trezevant akapiga simu. Bosi akaweka sauti kubwa ili na mimi nisikie raha.

"Kocha, nasikia wabeba mpira wote wameondoka?"

"Uwanja wote wako, kijana wangu!"

"Sasa hapo ndipo shida. Texas nilibebeshwa peke yangu mpaka goti likaniharibikia. Kwenu nilikuwa nakuja kwa sababu ya Jakorian, tupokezane. Nimeongea naye, namfuata huko anakokwenda."

Akakata.

Nilidhani bosi atapiga meza. Wapi! Alinigeukia taratibu.

"Wewe si ndiye kocha wao? Ulishindwaje kuwazuia?"

Kabla ya msimu kuanza nilishaonyeshwa mlango.

Nilichojifunza ni hiki: ukihangaika na yule unayemtaka, uliye naye anakuangalia. Na ukikaa mahali ambapo neno lako halina uzito, usidhani uko salama. Lawama ikija, hapo ndipo watakumbuka kwamba una cheo.