Mafuta ya samaki na kuku za Mkongo

Jameni, leo nusura nikuliwe na kuku!

Si mnajua ile mafuta nachemsha na vichwa vya samaki hapa Lodwar? Nimepeleka mtungi Kakuma, kwa Mkongo mmoja anatengeneza chakula ya kuku. Nataka achanganye na chakula yake, awe kastoma wa kudumu.

Nikamsalimia kwa Kiturkana, "Ejok! Na hii, kuku itanenepa mpaka ishindwe kutembea."

Akanusa, akafunga pua. "Mama, kuku itakataa. Onja wewe kwanza."

Kwetu hata pombe muuzaji ndiye anaonja kwanza, ningekataa aje? Nikainua mtungi, mafuta ikanimwagikia kutoka kifua mpaka vidole vya miguu.

Woi! Kuku zote zikakuja mbio! Zinadonoa miguu, zinadonoa leso. Nikainama kuzifukuza, moja ikapanda juu ya matako!

"Toa hizi shetani zako!"

Mkongo amekaa chini, anacheka mpaka machozi. "Mama, nimekubali! Uniletee mtungi kila wiki!"

Biashara nimepata, haleluya. Lakini nimefika nyumbani, mzee wangu amesema leo nilale nje.

Nani anajua kitu inaondoa hii harufu? Nimeoga mara tatu. Na wewe unacheka, nakuona.