Miaka Minne Ndani ya Basi

Felisiani Masatu aliendesha basi dogo la abiria kati ya Musoma na Bunda kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kufikiria kwamba siku moja lingekuwa nyumba yake. Nyumba alikuwa nayo, Makoko, vyumba vitatu, hatua chache kutoka ziwani. Mkewe Matrida alishona nguo barazani. Binti yao wa pekee, Recho, alikuwa ameolewa Dodoma.

Kisha ukaja ule mwaka ziwa lilipopanda. Maji hayakuja kwa kishindo. Yalianza kwenye bustani ya mchicha, yakakaa wiki mbili, ndipo yakaingia jikoni. Felisiani aliinua kitanda kwa matofali, baadaye akaongeza matofali mengine juu ya yale ya kwanza. Matrida alishona akiwa amevaa mabuti ya mvua. Ukuta wa upande wa ziwa ulianguka Jumapili moja wakiwa kanisani, na waliporudi hakuna aliyelia. Walikuwa wameshachoka kuusubiri.

Wakapanga chumba mjini. Mwaka haujaisha, mwenye basi akaamua kuacha biashara. Kiinua mgongo hakuwa nacho, akampa Felisiani basi lenyewe, likiwa na injini nzima na bodi iliyochakaa. Felisiani alilitazama siku tatu. Siku ya nne akamwambia mkewe kwamba wangeweza kuondoa viti, wakaweka kitanda na jiko, wakawa wanazunguka minadani, yeye akiendesha na Matrida akishona. Wangekuwa hawamlipi mtu pango. Kesho yake Matrida akauliza swali moja tu: cherehani itakaa wapi? Felisiani akalichukua hilo kuwa amekubali.

Basi likapelekwa Bunda kwa Robert, fundi wa kuchomelea. Robert hakuwahi kutengeneza gari la kulala, lakini alikuwa mtu asiyekataa kazi. Aliacha viti vitatu vya mbele, vingine vyote akaving'oa. Nyuma akachomelea kitanda cha chuma. Pembeni wakaliweka kabati la mninga lililookolewa Makoko. Juu ya paa, kwenye keria, Robert akafunga mapipa mawili ya maji yenye bomba linaloshuka hadi kwenye karai, na watu waliopita njiani walisimama kutazama maji yanavyotiririka ndani ya gari. Siku hiyo Felisiani alijiona mtu mwenye akili.

Safari ya kwanza ilikuwa kwenda Kiabakari. Kwenye kona ya pili basi likainama upande mmoja, likachelewa kunyooka. Barabara ile aliijua kwa kila shimo, lakini gari lilikuwa limekuwa gari jingine. Kwenye kona ya tatu milango ya kabati ikafunguka, sahani zote zikatoka, na cherehani ikateleza hadi mgongoni kwa kiti chake. Akasimamisha gari pembeni. Matrida alikuwa amekaa sakafuni katikati ya vipande vya vyombo. Aliokota vikombe viwili vilivyokuwa bado vizima, akavifunga kwenye kanga, akakaa hivyo hivyo sakafuni mpaka Kiabakari.

Hapo ndipo Felisiani alipoanza kujifunza. Abiria hupanda na kushuka, lakini nyumba haishuki. Uzito ulioupakia asubuhi utakuwa nao kila kona na kila mlima. Alirudi Bunda kwa mwendo wa pole. Mapipa yakashushwa, maji yakawekwa kwenye madumu sita chini ya kitanda, kwani dumu moja la lita ishirini ni kilo ishirini, na kilo ishirini juu ya paa si sawa na kilo ishirini sakafuni. Kabati la mninga akabaki nalo Robert. Badala yake wakaweka makabati mepesi ya plaiwudi, kila mlango na komeo lake. Cherehani ikafungwa sakafuni kwa bolti nne. Vyombo vya udongo vikatupwa, vikanunuliwa vya bati.

Mengine yalikuja yenyewe, moja baada ya jingine. Mwezi wa kwanza waliwasha taa na redio kwa betri ya gari, na asubuhi gari likagoma kuwaka. Wanaume wa mnadani wakalisukuma huku wakiwacheka. Akafunga betri ya pili na paneli ya sola, ya injini ikabaki ya injini. Butuguri, kijiji cha karibu na Butiama, waliegesha chini ya kilima bila kumwambia mtu, na hadi saa mbili asubuhi watu walikuwa wamelizunguka basi wakitaka kujua wamekuja kuiba ng'ombe au watoto. Kuanzia hapo, kila walipofika mahali, Felisiani alizima gari, akavaa shati safi, akaenda kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji kujitambulisha na kuomba sehemu ya kuegesha. Alijifunza pia kuegesha mahali tambarare, kwa kuwa ukilala kichwa kikiwa chini kuliko miguu unaamka ukiwa umechoka kuliko ulivyolala. Alibeba mawe manne ya kuzuia matairi, na hakuyaamini mawe ya ugenini.

Kazi ilikuwepo. Matrida alishona sare za shule, alibadilisha zipu, alipunguza magauni ya mitumba, na watu wakamzoea. Kiabakari leo, Nyamuswa kesho kutwa, Bunda mwisho wa wiki, halafu Butiama. Lakini kila walipofika ilibidi kutandua, kufungua, kushusha, kuchota maji, kutafuta kivuli; na kila walipoondoka ilibidi kukunja vyote tena na kukagua makomeo. Matrida alikuwa na miaka hamsini na saba. Mwaka wa tatu aliacha kuimba wakati wa kushona. Felisiani aliliona hilo, ila alidhani ni sauti tu imechoka.

Mvua za mwaka wa nne ziliwakuta Nyamuswa. Felisiani alikuwa amejiwekea sharti la kutoegesha kwenye udongo mweusi wakati wa masika, lakini siku hiyo mgongo ulimuuma na sehemu ya changarawe ilikuwa mbali na mnada. Akaegesha kwenye nyasi. Usiku mvua ikanyesha, na asubuhi matairi yalikuwa yamezama hadi katikati. Waliweka matawi, wakaweka magunia, wakachimba kwa jembe. Gari halikusogea. Siku ya tatu gesi ya kupikia ikaisha.

Mchana wa siku hiyo Felisiani akatembea kwenda kumtafuta mzee mmoja aitwaye Mugeta, mwenye trekta. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Matrida akabaki peke yake, akaingiza ndani jiko la mkaa apike ugali, na kwa sababu maji yalikuwa yanapigwa na upepo hadi kitandani, akafunga madirisha yote.

Felisiani na Mugeta walipofika na trekta, walisikia harufu ya ugali ulioungua. Matrida alikuwa amelala sakafuni kando ya cherehani, midomo imebadilika rangi. Walimbeba, mmoja mabegani na mmoja miguuni, wakamtoa nje kwenye mvua. Alikaa bila kutikisika kwa muda ambao Felisiani hawezi kuusema ulikuwa mrefu kiasi gani, kisha akatapika na kuanza kuhema. Trekta lililokuja kuvuta basi halikulivuta siku hiyo. Walimlaza Matrida kwenye tela, wakamfunika turubai, wakampeleka zahanati.

Nesi aliyempokea aliitwa Sara. Baada ya kumhudumia Matrida, alimwita Felisiani nje, akamweleza kwa upole kwamba hewa mbaya ya mkaa haina harufu wala haionekani, mtu anahisi usingizi tu, na kwamba Felisiani angechelewa nusu saa, yeye Sara angekuwa anazungumza na mgane. Felisiani alisikiliza amesimama, maji yakimdondoka kwenye suruali.

Alipoingia, Matrida alikuwa macho. Felisiani akakaa kwenye benchi, akaanza kumweleza kwamba atatoboa paa aweke tundu la hewa, atatoboa na chini karibu na mlango, mtungi wa gesi utakaa nje kwenye kisanduku chake, na mkaa hautaingia tena ndani ya gari hata kama mvua itanyesha mwezi mzima.

"Baba Recho," Matrida akasema, "nimechoka."

"Ndiyo maana nasema nitatoboa."

"Sio matundu. Nimechoka kuombaga choo. Kila asubuhi naamka nawaza, leo nitamwomba nani. Shuleni, kanisani, kwa watu nisiowajua. Miaka minne. Mwanamke wa umri wangu."

Felisiani alitazama mikono yake. Ilikuwa bado na udongo mweusi.

"Hukuwahi kusema," akamwambia.

"Ningesema, ungefanyaje? Na wewe ulikuwa umechoka."

Kaka yake Matrida, Prosper, alikuwa na shamba Butiama. Baba yao alipofariki alikuwa ameacha neno kwamba kona ya juu, yenye migomba, ni ya Matrida. Prosper alikuwa amelisema hilo mara nyingi, na mara zote Felisiani alikuwa amebadilisha mazungumzo. Mwanaume kuhamia kwa shemeji zake, kwa jinsi alivyolelewa, ni jambo la kuwafanya watu wacheke pembeni. Safari hii, Prosper alipolirudia, hakubadilisha mazungumzo. Mugeta alipokwishalikwamua basi kwa trekta, alimpeleka mkewe Butiama, akashusha cherehani na magodoro, akamwambia Prosper kwamba yeye ataendelea na basi, atakuwa anakuja Jumapili.

Akatoboa paa. Akatoboa na tundu la chini karibu na mlango. Akatengeneza kisanduku cha gesi kwa nje, kinachofungwa kwa kufuli. Akaweka wavu wa mbu kwenye kila dirisha ili aweze kuyaacha wazi. Basi likawa zuri kuliko lilivyowahi kuwa, na ndani yake akawa mtu mmoja. Watu wa minadani walimuuliza fundi wake wa cherehani yuko wapi. Alianza kubeba magunia ya viazi na dagaa wa wafanyabiashara, kutoka mwalo wa Mwigobero, Musoma, hadi Bunda. Usiku alilala katikati ya harufu ya samaki, akakosa mtu wa kumwambia apunguze sauti ya redio.

Alifanya hivyo kwa miezi mitano. Jumapili moja alifika Butiama mchana, akazima gari chini ya shamba la Prosper, akajaribu kushuka, mgongo ukakataa. Akabaki amekaa, mikono kwenye usukani. Matrida alimwona kutoka juu. Alisubiri, na alipoona hashuki akateremka polepole, akafungua mlango wa pili, akapanda na kukaa kiti cha pembeni kama walivyokuwa wakikaa siku zote. Wakatazama mihogo iliyokuwa mbele yao.

"Shuka," Matrida akasema.

"Watasemaje watu?"

"Watasema wiki mbili. Halafu watachoka na wao."

Akamshika mkono, akamsaidia kushuka. Ilichukua muda. Prosper alikuja na kiti, akakiweka kwenye nyasi, hakusema neno lolote kuhusu shemeji wala shamba.

Walianza kwa kuchimba choo, kabla ya msingi wa nyumba. Mgongo ulipopata nafuu Felisiani alisimamia, Prosper na vijana wawili wa kulipwa wakachimba, futi kumi na mbili, wakajenga kwa tofali na kuweka mlango wenye komeo kwa ndani. Nyumba ya vyumba viwili ilifuata baada ya mavuno. Watu walisema. Walisema zaidi ya wiki mbili, kwa kweli ilikaribia miezi mitatu, kisha kukatokea habari nyingine.

Basi lilikaa chini ya shamba hadi siku alipokuja yule nesi Sara pamoja na wenzake wawili waliokwishastaafu, Gloria na Kwangu, wa kule Nyegina. Walitaka gari la kuzungukia vijiji vya pwani ya ziwa, kuwapima wajawazito na watoto, na kulala huko huko siku mbili tatu. Waliuliza kama linauzwa. Felisiani alikubali kuliuza, akakaa nao ndani ya basi mchana kutwa.

Hakuwasifia gari. Aliwaambia walete kila kitu wanachotaka kusafiri nacho, wakitandaze chini, kisha warudishe nusu nyumbani. Mzani, dawa, meza na maji vikae chini na katikati, visikae nyuma ya matairi ya nyuma. Aliwaonyesha betri ipi ni ya nini. Aliwaambia wasiendeshe zaidi ya nusu siku, wafike saa tisa wakati mwanga bado upo wa kuona udongo, na ukiwa mweusi na wingu lipo, waendelee mbele hata kama migongo inauma. Hilo alilirudia mara mbili. Wajitambulishe kwa mwenyekiti kabla hata ya kuteremsha kiti. Juu ya mkaa alisema kidogo sana, maana Sara alikuwepo na alijua.

Kisha akawauliza watajisaidia wapi. Wanawake wale watatu wakatazamana. Felisiani akatoa kipimo cha futi mfukoni, akawaonyesha kona ya nyuma ambako sehemu ya kitanda ingeweza kukatwa, na choo kidogo cha ndoo chenye kifuniko na pazia zito kikaenea. Kwangu alisema watakosa sehemu ya kulala mmoja. Felisiani akajibu kwamba mmoja alale kwenye kiti cha mbele, kwa zamu, hatakufa. Matrida alikuwa amesimama mlangoni na chai. Akawamiminia.

Waliondoka na basi mwezi uliofuata, Gloria akiwa kwenye usukani, maana alikuwa na leseni ya zamani. Felisiani alitembea nao hadi barabara kubwa, akakagua matairi, akapanda kukagua makomeo ya makabati yote, akashuka. Gloria alipobadilisha gia, Felisiani alisikia kwamba gia ya pili bado inagoma kidogo, akataka kuwaita, kisha akaona watalijua wenyewe.

Alirudi kwa miguu, akipumzika mara mbili njiani. Matrida alikuwa anashona sare za shule ya jirani. Akamuuliza kama wamekwenda vizuri, Felisiani akasema wamekwenda. Akaingia ndani, akavua viatu, akalala mchana ule hadi jua lilipopungua, na hakuna aliyemwamsha.