Kiti Kiko Kazini

Mpiga picha wetu ana mikono iliyopasuka kwa chumvi kama yetu sisi tunaoichota, ila yeye haichoti, huipambia samani. Kila asubuhi hushusha garini kiti kikubwa cha mahameli nyekundu, akakisimamisha katikati ya uwanda mweupe wa chumvi wa Uyuni, kisha humwagia Pachamama, mama yetu ardhi, pombe kidogo kwenye kila mguu wa kiti, akimnong'oneza: "Samahani kwa uzito, mama." Hurudi nyuma hatua saba, hufumba jicho moja, halafu huenda kukisogeza upana wa kidole kushoto. Kila siku kushoto. Watalii hukikalia wakajifanya wafalme. Nyumbani, mama yake mzazi, mwenye kiti hicho, hukalia ndoo. Wageni wakimuuliza, hujibu: "Kiti kiko kazini."

Jana bibi huyo alipanda lori letu la chumvi, akafika, akakikalia kiti chake mbele ya watalii, akaanza kumenya maharage mabichi.

"Mama, toka hapo, unaharibu picha!"

"Pachamama unamwomba radhi kwa kumwekea kiti. Mimi uliyeninyang'anya, umenipa hata tone?"

Tuliegemea sepetu zetu, tukasikiliza. Mpiga picha akaleta chupa, akamimina pombe kwenye kizibo, akampa kwa mikono miwili. Bibi akanywa, akaendelea kumenya. Tukasema afadhali, mwana ametubu. Naye akarudi nyuma hatua saba, akafumba jicho moja, akaja akakisogeza kiti upana wa kidole kushoto, mama yake akiwa humo humo.