Jini wa Bi Biasha

Mwanamke akiolewa Mkokotoni shamba na nyumba yake iko Malindi, mjini Unguja, hana budi atafute mtu wa kuitazama. Bi Biasha hakutafuta mtu. Alitia jini.

Siku aliyowakabidhi ufunguo wapangaji wake, Msabah fundi cherehani na mkewe Mwamvua, alishusha sauti akawaambia kuwa chumba cha uani kina mwenyewe, mzee wa Kiarabu, yumo tangu enzi za bibi yake. Mzee hana ubaya na mtu. Ila hapendi uchafu, hapendi misumari ukutani, hapendi redio ya kelele, na kila Ijumaa hutaka afukiziwe ubani. Chumba chenyewe hakikuwa na mzee wala kijana. Ndani mlikuwa na mabirika ya kutu na kitanda kilichovunjika mguu.

Ikawa hivyo. Usi, dereva wa gari la Mkokotoni, kila akirudi kutoka mjini humwambia Biasha kuwa ua wake umefagiwa ukafagilika. Biasha akajiona mjanja wa Unguja nzima, na mumewe Muhiddin alipomkumbusha kuwa njia ya mwongo ni fupi, alimjibu kuwa hiyo yake inafika mpaka Malindi.

Kasoro ilikuwa paa. Mabati yalikuwa yameoza, na mvua za vuli zilimkuta Mwamvua kitandani na kichanga kifuani, akihama pembe hii kwenda ile. Mtoto akashikwa na kifua. Mwamvua akampa Usi salamu za paa, akampa tena na tena. Biasha hujibu, "Mwambie nshasikia," kisha akaendelea kupara samaki wake. Masika yalikuwa njiani, na mama mtu alikuwa na hofu ya kweli.

Ndipo Usi alipoleta habari nyengine.

"Bi Biasha, shikamoo. Mzee kampanda Mwamvua kichwani. Ijumaa anapigiwa ngoma, na kakutaja jina. Bila ya wewe hasemi neno."

Biasha alipofika alikuta mtaa mzima uko uani kwake. Chetezo kinafuka, ngoma zinalia, na katikati amekaa Mwamvua, kafunikwa shuka jeupe, anatikisika. Bi Duni, mganga mwenyewe, akanyamazisha ngoma.

"Mwenye nyumba kaja?" ikatoka sauti nzito ndani ya shuka.

"Naam," Biasha akaitika kabla hajawahi kufikiri.

"Muamkie mzee," Bi Duni akamwambia.

Biasha alimzidi Mwamvua kwa umri wa kumzaa. Hata hivyo akaamkia: "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mie nnalowa."

Watu wakainua macho kutazama paa.

"Nnataka mabati mapya," sauti ikaendelea. "Na fundi asiwe shemeji yako. Yule ndiye aliyelitoboa paa alipokuja kuliziba."

Shuka lilikuwa limesogea kidogo, na Biasha akaliona jicho moja la Mwamvua, zima kabisa, limemkazia. Akajua. Na Mwamvua akajua kuwa amejua. Lakini kusema hapana jini ni kuwaambia watu wa Malindi kuwa amewafukizisha ubani kwa ajili ya mabirika ya kutu. Hasira zilimpanda mpaka masikio yakamuwaka moto, na chini ya hasira, Mungu amsamehe, palikuwa na kitu kama fahari. Mpangaji kama huyu hapatikani kila siku.

"Litaezekwa kabla ya masika, mzee," akasema.

"Watu wote wamesikia?"

"Wamesikia."

Likaezekwa, na si na shemeji. Masika yaliposhika, Usi alimkuta Biasha sokoni Mkokotoni akichagua samaki.

"Nyumba kavu, Bi Biasha, na mtoto kifua kimemwachia. Mzee anakushukuru sana."

"Alhamdulillahi," alisema Biasha, na alisema kwa moyo wake wote.

"Ila," Usi akakuna kichwa, "ameanza kuusema mlango wa mbele."

Biasha akaweka kikapu chini. Akacheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Haya," akasema. "Muulize anataka mbao gani."