Nguzo Iliyovaa Sketi

Enzi zetu, jamani... Nani huyo anacheka huko nyuma? Ndiyo, niko kidato cha tatu, na mama bado ananiuliza kama nimenawa miguu kabla ya kupanda kitandani. Lakini haki ya kusema "enzi zetu" ninayo. Nina mdogo wangu Baraka, yuko darasa la kwanza, nilimwuliza kama anajua kombolela. Akafikiri, akasema, "Ni dawa ya minyoo?" Mtu akishajibiwa hivyo na mdogo wake, ujana umekwisha, atafute fimbo ya kutembelea.

Tulipokuwa wadogo tulikaa Iringa, Mlandege, kwenye nyumba yenye nguzo katikati ya sebule. Sisemi pembeni. Katikati, kama mwalimu wa zamu. Ilikuwa hivi: baba alitaka sebule kubwa ya kupokelea wageni wa maana, akaamua ukuta wa baraza ubomolewe ili baraza liingie ndani. Fundi akabomoa kwa furaha mpaka akafika kwenye nguzo ya baraza, hapo akashusha nyundo. "Mzee, hii nikiitoa, bati lote utalivaa kama kofia." Baba kofia alikuwa nazo za kutosha. Nguzo ikabaki, ya zege, pembe nne, kati ya makochi na televisheni. Siku ya mpira, aliyekaa nyuma yake goli alilisikia, hakuliona. Wageni wengi waliigonga kwa paji la uso kabla hata hawajatuamkia sisi.

Sisi watoto tuliipenda. Kwenye kombolela, ule mchezo wa kujificha, hapo ndipo palipokuwa pa kuhesabia, uso umebanwa kwenye zege, jicho moja linachungulia nani anaingia chini ya meza. Mama aliichukia kuliko panya. Panya angalau hujificha wageni wakija.

Kwa hiyo akaanza kuificha yeye. Kwanza aliifumia kitambaa cheupe, kama vile vilivyokuwa kwenye makochi, chenye vishada vya kuning'inia chini. Baba aliporudi kazini akasimama mlangoni, akaitazama, akavua kofia. "Karibu dada, mbona umesimama?" Siku ile baba alikula ugali na dagaa wa jana. Baadaye yakaja maua ya plastiki, yakaipanda kama maharage. Krismasi ndiyo ilipendeza kweli: watu wengine walikwenda kutafuta mti wa kusimamisha kwenye kona, sisi mti tulikuwa nao tayari, tuliufungia tu matawi ya msindano na maputo. Nyumba nzima ilinuka utomvu mpaka mwaka mpya. Hadi leo nikipita penye mbao mbichi, mate yananijaa, nawaza pilau.

Kisha zamu ya kusali jumuiya ikafika kwetu. Mnaozijua jumuiya mnaelewa: watu huja kusali, ila akina mama husali huku macho yakikagua mapazia. Mama akanunua ile karatasi ya kubandika yenye picha ya matofali mekundu, akaivika nguzo usiku wa kuamkia siku yenyewe. Ikapendeza, siongopi. Mwenyekiti wa jumuiya akapiga magoti chini yake, tukafumba macho. Katikati ya sala tukasikia chwaaa. Karatasi iliachia taratibu, ikashuka, ikamfunika mwenyekiti gubigubi. Naye, Mungu ambariki, hakukatisha. Alisali mpaka amina kwa sauti ya mtu aliye ndani ya boksi.

Chanzo chake kilikuwa bibi.

Bibi alikuwa mama yake baba, Mhehe wa Idodi, alikuja kukaa nasi baada ya babu kufariki. Kochi alilikataa siku ya kwanza. "Hili linameza mtu." Alitandika mkeka chini, akaegemeza mgongo kwenye nguzo, upande wa dirishani. Jua la alasiri liliingia pale na kuipasha zege joto, na kwa baridi ya Iringa ya mwezi wa sita, nguzo yenye joto si kitu cha kudharau. Kichwani alipaka mafuta ya nyonyo. Kila alipolaza kisogo, mafuta yaliingia kwenye nguzo, mpaka pakawa na doa la mviringo, kubwa kama chapati. Mama alipaka rangi, doa likarudi. Akabandika matofali, yakakataa kushika pale pale penye mafuta, yakavuta na mengine.

Mwenyekiti alipokwisha kufunuliwa na wageni kuondoka, mama alilia jikoni. Bibi akamsikia. "Mama Neema," akaita kutoka mkekani (Neema ndiye mimi), "njoo uegemee." Mama akaja, kwa adabu tu, hasira zimemjaa. Akakaa upande wa pili wa nguzo. Bibi akasema, "Umeivalisha sketi, umeivalisha maua, leo umeivalisha nyumba. Sasa mgeni akichoka, ataegemea wapi?"

Tangu siku hiyo nguzo ikabaki uchi, na ikawa na wenyewe. Upande wa dirisha wa bibi, upande wa jikoni wa mama, wa mlangoni wa baba, wa televisheni wangu, na Baraka, akiwa bado anatambaa, alikuwa wa yeyote aliyemshika. Jioni tulikaa hivyo, migongo imepeana zege, tukichambua mchele ambao shangazi alimtumia bibi kutoka Idodi. Sheria ilikuwa moja, ya bibi: hugeuki. Mtu akiongea, unasikiliza, unajibu, lakini hugeuki kumwangalia. Sijui kwa nini, ila mambo yaliyoshindikana kusemwa mezani yalitoka pale. Mimi nilisemea pale matokeo yangu ya hesabu, nikabaki hai. Mama alisemea pale kwamba anawaonea aibu wenzake wenye sebule nzuri. Na baba, jioni moja, kutoka upande wake wa mlangoni, alisema, "Nimepewa uhamisho. Mbeya."

Hakuna aliyegeuka. Nilisikia punje za mchele zikirushwa kwenye ungo. Halafu bibi akauliza, "Huko Mbeya, nyumba zina nguzo?"

Mbeya hakufika. Kifua kilimbana kabla hatujahama, tukampeleka Idodi kumzika, tukarudi kwenye sebule yenye mkeka uliokunjwa.

Nyumba ilibidi ipakwe rangi ipate mpangaji. Fundi rangi akapaka, asubuhi doa likawa limerudi. Akapaka tena, likarudi. Akachukua kikwangulio. "Mama, hapa pana mafuta. Nikwangue mpaka kwenye plasta, halitarudi tena maisha." Mama alikuwa anafunga vyombo kwenye maboksi. Alikuja, akasimama mbele ya lile doa alilopigana nalo miaka yote, akasema, "Acha hivyo."

Sasa tunakaa Uyole. Sebule ni pana, haina kitu katikati, ile aliyoiota mama. Baba hukaa kwenye kochi na taarifa ya habari, Baraka hulala kifudifudi na simu ya mama akiangalia katuni zinazopiga kelele, na mimi naegemea ukuta wenye soketi, maana chaji nayo ni ndugu. Goli tunaliona wote. Tunaonana nyuso siku nzima, na hakuna anayesema kitu.

Jumamosi iliyopita mpangaji wetu wa Mlandege alipiga simu. Anataka kuizungushia nguzo jipsamu, aweke rafu na taa za rangi. Akasema inamharibia sebule, na pana uchafu fulani hautoki. Baba akamtazama mama. Hiyo jipsamu na taa ndiyo ndoto yake yote ya Mlandege. Mama akachukua simu, yule bwana akaanza kusema haloo, haloo.

"Ifunike tu, kaka," akamwambia. "Ila usiikwangue."

Akaweka simu chini, akashuka kwenye kochi, akakaa kwenye zulia katikati ya sebule, mahali pasipo na kitu. Akaegemea nyuma kwa mazoea, nusura aanguke. Baraka akacheka. Mimi nikaenda, nikakaa nyuma yake, nikampa mgongo. Mgongo wa mama si zege, lakini una joto.

"Namkumbuka bibi," nikasema.

Nilisikia mgongo wake ukitikisika kidogo, sikujua kama ni kicheko au ni kile kingine. Kizazi cha Baraka kingegeuka kuangalia, tena na simu mkononi.

Enzi zetu hatukugeuka.